Usiguse Geni

Juzi kijana mmoja alileta gari kwenye kibanda changu cha kufunga muziki wa magari hapa Malindi, akataka nizungushe geni, ile skrubu ya kupandisha nguvu ya amplifaya, mpaka mwisho. Nilikataa. Geni haiongezi utamu. Ikizidi, inaunguza spika.

Harufu ya spika zake, zilizokuwa tayari zimeanza kuungua, ilinirudisha Gede, alasiri ya harusi ya dada yangu. Mjomba alikuwa akifunga muziki kwenye gari la bibi harusi, na besi ilikoroma hadi sufuria za mama zikatetemeka jikoni. Kulinuka kama nywele zilizoungua.

"Mjomba, spika inalia."

"Ndiyo besi hiyo! Na wewe mtoto wa kike, usiguse geni."

Mimi nilisikia "mgeni". Basi alipoingia ndani kunywa chai, mgeni sikumgusa. Nilishika bisibisi, nikairudisha nyuma ile skrubu aliyokuwa akiizungusha, kidogo kidogo, mpaka kilio kikakoma na ngoma ikasikika safi, pigo kwa pigo.

Aliporudi alinizaba kofi, akaniamuru nimwombe radhi. Lakini ile skrubu hakuizungusha tena, na gari lilimpeleka dada hadi Mambrui likiimba.

Nami radhi sijamwomba mpaka leo.