Shuka Katika Ukumbi wa Dansi

Siku yangu ya kwanza kazini niliamrishwa kuvua viatu mlangoni, nami nikadhani nimefukuzwa kabla sijaanza. Ilikuwa Nakuru, katikati ya miaka ya hamsini, katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Wazungu upande wa juu wa mji. Viatu vyenyewe vilikuwa vyeusi, vya ngozi, zawadi ya baba yangu aliyefanya kazi ya reli, na nilikuwa nimevipiga rangi makusudi ili dobi mkuu ajue ameletewa msomi. Dobi mkuu, Mzee Makokha, hakuviona viatu. Aliona vumbi lililokuwa juu yake.

"Hiyo vumbi ya nje inakaa nje," alisema. "Ukitaka kukaa nayo, kaa nayo huko."

Nilivivua. Aliyecheka ni Kiprono, dobi wa pili, jamaa wa Kericho mwenye mabega ya fahali. "Karibu, mwalimu," aliniambia. "Hapa tunasoma shuka." Jina hilo liliniganda. Maisha yalipokuja kulifanya kuwa kweli, Kiprono alidai kwamba ni yeye aliyenipa kazi.

Nawaandikia vijana wanaoamini kwamba nguo hunukia kwa sababu ya kitu kilichomiminwa ndani ya maji. Sisi tulifundishwa kinyume chake. Mzee Makokha alikuwa akisema nguo haina harufu yake yenyewe. Inabeba tu ya mtu, ya sabuni na ya maji, na kazi ya dobi ni kuishusha mizigo yote hiyo mmoja baada ya mwingine. Shuka tuliziloweka katika maji ya magadi, tukazichemsha katika pipa la shaba, halafu ndipo kazi yenyewe ikaanza, yaani kusuuza. Mtu mvivu husuuza hadi povu liishe. Makokha alisuuza hadi maji yanayodondoka yawe hayatelezi tena kati ya vidole, maana sabuni iliyobaki kwenye uzi ndiyo inayooza. Maji ya mwisho yalitiwa buluu kidogo ili weupe ung'ae, kisha shuka zikapitishwa katika mashine ya kukamulia, magogo mawili ya mbao yaliyozungushwa kwa mkono. Mkono huo ulikuwa wangu.

"Mwalimu, zungusha!" Kiprono alinipigia kelele. "Ama hiyo nayo inataka cheti?"

Kuanika nako kulikuwa na sheria zake. Asubuhi upepo ulishuka kutoka mlima Menengai, mkavu na mwepesi, na kamba zetu zilijaa. Baada ya chakula cha mchana uligeuka ukaja kutoka ziwani, na ziwa lilipokuwa limekauka kingoni ulileta unga mweupe wa magadi pamoja na harufu ya heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao watalii huwapiga picha kwa sababu picha hazinuki. Shuka iliyochelewa kuanuliwa ilirudi pipani. "Mgeni akilalia hii," Kiprono alisema siku moja, "ataamka na mabawa."

Baada ya pasi ya makaa, shuka haikukunjwa mpaka ipimwe. Vidole vya dobi vimeshazoea joto na havijui unyevu tena, kwa hiyo tulipima kwa mdomo: unashika pindo, pale kitambaa kilipokunjwa na kushonwa, unaligusisha mdomo wa juu. Likiwa baridi, bado kuna maji ndani. Katikati ya shuka hukauka mapema na kukudanganya. Uvundo huanzia kwenye pindo. Zilizofaulu zilipangwa kabatini juu ya matawi makavu ya leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu kilichojaa kando ya barabara ya Gilgil. Leleshwa hufukuza wadudu na huacha harufu nyembamba kama ya kafuri. Hayo ndiyo yalikuwa manukato yetu, na hayakuguswa na maji.

Basi zikaja mvua za masika, na mwaka ule hazikupumua. Kamba zilikaa tupu. Tulianika ndani ya chumba cha pasi, juu ya majiko, na shuka zikanywa moshi. Tulipozitoa kwenye moshi zikanywa unyevu. Memsabu aliyesimamia hoteli, mjane mrefu aliyetembea kama anayekagua gwaride, alishuka kwetu akiwa ameshika foronya kwa vidole viwili.

"Makokha! Kwa nini hii nanuka kama umbwa ya mvua?"

"Ni mvua, Memsabu."

"Mvua iko kila mahali. Kule mjini iko mashine ya mvuke, na yeye hapana jua mvua." Akatueleza kwa Kiswahili chake hicho kwamba Jumamosi hoteli yote ingejaa wageni wa harusi ya binti wa mkulima mmoja wa Ndabibi. Mgeni mmoja tu akilalamika, nguo zote za hoteli zitapelekwa kwenye mashine. "Na nyinyi nakwenda rizavu."

Hakuwa akitania, na sisi hatukuwa na pa kujificha. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Mwafrika asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini; alirudishwa rizavu, ardhi waliyotengewa watu wa kabila lake. Mimi nilikuwa na baba mwenye nyumba ya reli, ningeponea hapo. Lakini Makokha aliishi na mkewe na binti zake katika laini ya wafanyakazi nyuma ya hoteli. Wasichana wale walikuwa wakisoma shule ya misheni pale karibu, na kule kwao, alivyotuambia, shule ya wasichana ilikuwa ng'ambo ya mto usio na daraja. Kazi ikienda, chumba kinaenda, na shule inaenda.

Jumamosi asubuhi shuka za vyumba vyote zilikuwa zimefuliwa, zimepigwa pasi, zinang'aa. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, lakini mawingu mazito yalibaki, na kamba za nje hazikuaminika. Memsabu akaja na wahudumu wa vyumba kuzichukua, maana wageni walitarajiwa jioni. Makokha akachukua ya juu, akagusisha pindo mdomoni, akairudisha.

"Bado, Memsabu."

"Bado nini? Mimi naona kavu."

"Macho inaona kavu. Bado."

Kiprono aliacha kupuliza makaa. Mimi nilianza kuvitazama viatu vyangu pale mlangoni na kukadiria umbali. Siku hizo neno "hapana" lilikuwa mali ya upande mmoja tu, na mzee wetu alikuwa amelitoa, ingawa alilivika heshima.

"Memsabu weka hapa," alisema, akimnyooshea pindo na kuonyesha mdomo wake wa juu.

Sijui kwa nini alikubali. Labda ni kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba jambo la ajabu hivyo. Aliinama, akaligusa, na uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyekanyaga sakafu ya saruji bila kutarajia.

"Baridi," alisema.

"Ndiyo. Ikiingia kitandani hivyo, jioni itakuwa umbwa."

"Basi fanya nini?"

Makokha alivuta pumzi. "Nataka nyumba ya dansi."

Kiprono alikohoa. Ukumbi wa dansi ulikuwa na sakafu iliyosuguliwa kwa nta, vichwa vya swara ukutani, na madirisha marefu yaliyotazamana, upande wa Menengai na upande wa bustani. Hakuna chumba kingine hotelini ambacho upepo uliweza kuingia upande mmoja na kutokea wa pili. Makokha hakuwahi kucheza humo, lakini kwa miaka alikuwa ameyatazama mapazia yake yakipepea.

Memsabu alilipapasa pindo tena kwa kidole. Kisha akawageukia wahudumu. "Chakula ya mchana naweka veranda."

Tulifunga kamba kutoka pembe ya swara hadi pembe ya swara. Tuliingia miguu mitupu, kwa sababu ya nta, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetuuliza tunatafuta nini. Upepo wa asubuhi ulipoingia, shuka zote zilijaa kwa pamoja, na Kiprono akainamia moja akaishika ncha mbili, akacheza nayo hadi mwisho wa ukumbi. "Mwalimu, shika yako!" alisema. "Leo ni sisi wenye harusi."

Upepo wa ziwa ulipogeuka, madirisha yalikuwa yameshafungwa na shuka zimepimwa zote, kila pindo, kwa midomo mitatu. Wageni walilala. Jumatatu, Memsabu alishuka akasema mama wa bibi harusi ameuliza ni maua gani tunayoweka vitandani. Makokha akamwonyesha kitawi cha leleshwa. Aliondoka nacho, na habari za mashine hazikurudi tena. Ukumbi wa dansi tukaendelea kuupata kila masika.

Kutoka hapo nilihamia kambi ya jeshi Gilgil, nikiwa dobi mkuu chini ya meja wa stoo aliyeamini kwamba harufu ya askari ni sehemu ya silaha. Nilimvumilia nikisoma jioni kwa posta, nikafaulu mitihani, nikaenda chuo kikuu hadi shahada ya udaktari, nikafundisha, nikaandika insha ambazo wanafunzi walilazimishwa kuzisoma. Binti wa kwanza wa Makokha akawa muuguzi, na alinitangulia kupata gari.

Sasa nimestaafu mapema, niko Nakuru, na nikipima yote niliyofanya naona kwamba sijawahi kuandika ukurasa ulio safi kama shuka za Jumamosi ile. Kwa hiyo asubuhi nafua mwenyewe. Mke wangu amechoka kuona haya kwa niaba yangu. Juzi jirani mpya, kijana wa benki, alisimama kwenye ua akanitazama nikikaza kamba.

"Lakini Daktari," alisema, "si utafute dobi?"

"Nimepata," nilimwambia. "Ndiye huyu. Na hatoki mjini."