Kituo cha Angani na Choo cha Mama Mkwe

Nilikuwa nafundisha fizikia katika sekondari moja ya Kalemie, mji wa kando ya ziwa, na somo nililolipenda kupita yote lilikuwa kituo cha utafiti kinachozunguka dunia. Nchi ambazo huku chini haziishi kutukanana zilileta kila moja kipande chake, vikaunganishwa huko juu, vikaingiana. Nyumbani nililifanyia mazoezi uani, kwa sauti ya kiwalimu, ili majirani nao waelimike bure.

Mwaka ule ziwa lilipanda likameza nyumba ya mama mkwe kule Moba, akaja kwetu kwa boti. Mke wangu alikuwa karibu kujifungua na alimtaka mama yake kuliko daktari yeyote. Tatizo lilikuwa choo. Tulikuwa nacho kimoja, na kwetu mama mkwe na mkwewe hawatumii choo kimoja, hata usoni hawatazamani. Mama akachoka kuomba choo kwa majirani, akaanza kufunga mizigo.

Siku hiyo somo langu lilikuwa limefika pale ambapo wanaanga wa mataifa yote wanakula pamoja na kutumia choo kimoja. Sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni, ikimwambia mke wangu:

"Muulize mukwe wangu: na kama mumoja njo mukwe wa mwengine?"

Kitabu hakikusema mwanaanga aliye mkwe wa mwenzake afanyeje.

"Mwambie Mama asiende," nikajibu. "Nitajenga."

Jirani wa kushoto akatoa mbao, wa kulia mabati, mimi nikatoa maelezo. Wale wawili walikuwa hawasalimiani tangu mbuzi wa mmoja ale mihogo ya mwenzake, kwa hiyo hata "leta nyundo" ilipitia kwangu. Nikachora mchoro. Tukasimamisha choo kizuri kabisa, mlango wake ukitazamana na mlango wa kile cha zamani. Kila asubuhi ningetoka nikutane na mama mkwe macho kwa macho. Mama alikiona, akarudi kwenye mizigo yake. Majirani wale wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakakigeuza bila kuniuliza neno.

Mtoto alizaliwa asubuhi, mvua ikikatika. Mama mkwe akatoka naye, uso ameugeuza. Kwa kuwa hawezi kunipa kitu mkononi, akamlaza mkekani kati yetu, akarudi nyuma.

"Papa, mutoto wako njo huyu."

Nikamwinua, machozi yananitoka waziwazi. Mama akauuliza ukuta:

"Amemushika muzuri ku kichwa?"

Nikauambia ukuta kwamba nimemshika.