Ngoja, Imezidi

Respicius, fundi baiskeli wa Misunkumilo, alikuwa ameanza kuitwa babu na hajawahi kukanyaga msibani. Kwa wafiwa atatuma mchele, atatuma kuni, atamtuma hata mkewe. Yeye mwenyewe utasikia tumbo limemkamata, au kuna baiskeli ya mtu haiwezi kungoja. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa maiti kama mtoto anavyoogopa sindano, na mtaa mzima ulijua.

Safari hii hapakuwa na pa kujificha. Aliyefariki ni Mzee Mikidadi, Mnyamwezi mwenye duka lililotazamana na banda lake. Respicius ni Mfipa, na Wafipa na Wanyamwezi ni watani, basi wawili hao walishinda wakirushiana maneno tangu duka linafunguliwa mpaka linafungwa. Siku mmoja akiumwa, mwenzake hana raha. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa sukari. Mikidadi akishapima, mizani ikitulia, lazima aseme, "Ngoja, imezidi," kisha abane sukari kidogo kwa vidole viwili na kuirudisha kwenye gunia.

Immaculata, mke wa Respicius, alimpa somo kabla hajatoka kwenda msibani.

"Ukifika sema poleni. Kaa mkekani na wanaume wenzio. Wakiomba dua, we nyamaza tu. Na usiulize chakula."

"Na kulia?"

"Lia, ila usianguke. Mwili wote huo, nani atakubeba?"

Alifuata yote. Ila baiskeli yake aliiegesha ikitazama barabarani, na jeneza lilipotolewa nje akaanza kujivuta pole pole kuifuata. Feisal, mtoto wa marehemu, akamdaka mkono wa shati.

"Shikamoo mtani. Unaenda wapi?"

"Marahaba. Kuna baiskeli ya mtu…"

"Baba alisema utatoroka! Halafu muda wote umekaa unalia kama mfiwa. Mtani halii, mtani anachekesha watu. Nyie Wafipa mtatuzikia mzee wetu kimya kimya?"

Hilo Immaculata hakuligusia. Alimfundisha kama jirani, akasahau kwamba mumewe ni mtani. Respicius akatafuta cha kuchekesha. Vichekesho vyote vya miaka vilikuwa vimemkimbia.

Wakati bado anavitafuta, mtu akapiga kelele, "Mtani, pokea!" na mti wa jeneza ukamtua begani. Akafumba macho. Alipoyafumbua, alikuwa bado anatembea. Mzee hakuwa mzito, masikini, na alikuwa ametulia kuliko siku zote.

Kaburini kila mtu alitupia udongo kwa mikono. Zamu yake ikafika. Akachota, akatupa, akainuka. Kisha akarudi, akainama, na kwa vidole viwili akabana udongo kidogo kutoka juu ya kaburi.

"Ngoja," akasema. "Imezidi."

Aliyeanza kucheka ni Feisal, akajishika tumbo, na watu wote makaburini wakafuata. Shehe mwenyewe aligeuza uso, akijifanya anakohoa.

Respicius aliutia ule udongo kwenye mfuko wa shati. "Sasa tumelipana, Mnyamwezi," akasema. Alitaka kuongeza kingine, badala yake akalia kwa nguvu mbele ya watu wote. Hakuna aliyemkumbusha kwamba mtani halii.