Maziwa Sawa, Nyuzi Nne

Harufu ya tangi zima la maziwa yaliyoharibika haitoki kwa sabuni. Niliirudisha nyumbani, mtaa wa Munyaka, ndani ya nywele, nikaosha, nikarudia kuosha, na bado mto wangu ulinuka mpaka nikauanika juani. Hata leo nikikaribishwa chai ya maziwa huinusa kwanza, kwa siri, halafu ndipo ninywe. Lakini kilichonitia kinyaa siku ile hakikuwa maziwa. Maziwa hayana kosa. Yakipata joto yataharibika, ndivyo yalivyoumbwa.

Kazi yangu ni kupima vifaa vinavyotuma habari bila waya. Ofisi yetu wakati huo ilikuwa orofani, mjini Eldoret, juu ya duka la mfanyabiashara Msomali aliyeuza mazulia. Kifaa tulichojivunia kilikuwa kidogo, cheupe, kama kipande cha sabuni. Unakibandika ukutani nje ya chumba cha maziwa, waya wake unapenya ndani hadi kwenye tangi la kupozea, nacho kinatuma joto la maziwa kupitia mtandao wa simu. Maziwa yakiwa baridi, skrini ofisini inaonyesha rangi ya kijani na maneno "Maziwa sawa, nyuzi nne". Yakianza kupata joto, skrini inageuka nyekundu na simu ya mtunzaji wa tangi inalia.

Nilikipima mezani, kikafanya kazi. Mezani kila kitu hufanya kazi. Ndipo nikauliza swali ambalo mpimaji yeyote mwenye akili timamu angeuliza: kifaa kikinyamaza kabisa, skrini itasema nini? Nikakizima. Skrini ikaendelea kuonyesha kijani, na ile habari ya mwisho kabla hakijanyamaza. Maziwa sawa, nyuzi nne. Nikamwendea bosi, nikamwambia kikinyamaza tuweke rangi ya kijivu, tuseme tu ukweli kwamba hatujui.

"Grey ya nini?" akasema. "Client akiona grey atasema machine imekufa. Wacha ikae green."

"Na kama imekufa kweli?"

"Si utaenda uitengeneze? Kwani wewe ni injinia wa nini?"

Nikamwomba basi tukipeleke kikakae ukutani msimu mmoja wa mvua, katikati ya watu wenyewe, tuone watakifanyia nini. Akacheka. Hema la sherehe lilikuwa limeshakodishwa, mgeni rasmi ameshakubali kuja, na mtu hawezi kumwambia mgeni rasmi angoje mvua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na chetu kilitembezwa kwa spika na kwaya.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa ushirika wa wafugaji, na kiwanda chao kidogo kilikuwa huko juu, upande wa Timboroa, ambako ukungu huingia mpaka ndani ya sufuria. Siku ya uzinduzi tuliomba, tukaimba, tukala. Halafu bosi akachovya ncha ya waya kwenye kikombe cha maji moto, na simu ya mtunzaji wa tangi ikalia mfukoni mwake. Watu wakapiga vigelegele. Mtunzaji alikuwa mama mmoja aliyevaa sweta ya shule ya mwanawe chini ya koti jeupe la kazi. Tangu tangi liletwe, hakuwa amekaa kanisani mpaka mwisho wa ibada hata Jumapili moja, kwa sababu ilibidi arudi kufunua tangi na kupima joto. Mwenyekiti wa ushirika akasimama akatangaza kwamba kuanzia sasa Mama akishapokea maziwa ya Jumapili asubuhi atafunga mlango aende zake kanisani. Mashine italinda. Mama alicheka huku amefunika mdomo kwa leso.

Sasa, yeyote aliyekaa kwetu anajua kwamba kitu cha thamani hakiachwi nje uchi. Mita ya maji tunaifungia chuma. Kinyozi anaitia televisheni yake kizimbani kama simba. Tulipoondoka, mwenyekiti alikiangalia kile kifaa cheupe kikining'inia ukutani bila ulinzi, roho ikamuuma. Akamwita fundi wa kuchomelea kutoka sokoni, akatengenezewa kisanduku cha chuma kinene, rangi ya buluu, kufuli mbele. Hata matundu ya pembeni waliyaziba, mvua isiingie. Walikifungia kifaa chetu kwa upendo wote, na mawimbi ya redio hayapenyi chuma cha namna ile. Tangu kufuli lilipobanwa, hakikutuma tena neno lolote.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Jumapili moja, Mama alipokuwa kanisani, swichi ya umeme ya mtambo wa kupozea ilijizima yenyewe. Simu yake haikulia. Jioni alipita pale nje, mlango umefungwa, simu iko kimya, akaenda kulala kama alivyoelekezwa. Jumatatu asubuhi dereva wa gari la maziwa alifunua tangi akalifunika hapohapo, akaenda kutapika nyuma ya gari.

Tulifika mimi na bosi mchana. Maziwa yalikuwa yamemwagwa kwenye mtaro, mabonge mabonge, mengine ya rangi ya manjano, na nzi wamejaa juu yake. Mbwa walikuja, wakanusa, wakaondoka. Wakulima walikuwa wamesimama na mikebe yao mitupu hawataki kuangalia kule mtaroni. Mama alikuwa peke yake karibu na uzio. Funguo, ambazo siku zote zilining'inia shingoni mwake, zilikuwa mkononi mwa mwenyekiti.

"Huyu mama alilala kazini," mwenyekiti akatuambia. "Tumeamua aende nyumbani."

"Si nyinyi mliniambia niende kanisa?" Mama akasema. "Na simu haikulia, Mzee. Mungu anajua haikulia."

Bosi akatoa simu yake. Nilijua anachotaka kufanya, nikatamani ardhi immeze. Akaiinua watu waone. "System yetu iko poa. Oneni wenyewe." Na kweli, pale pale, na ule uozo ukitiririka mbele ya viatu vyetu, skrini ilikuwa ya kijani. Maziwa sawa, nyuzi nne. Kisha akashusha sauti, ile sauti laini ya mtu anayejifanya ana huruma. "Pengine Mama alizima simu yake. Hutokea."

Nilitema mate. Sijawahi kutema mate mbele ya watu wazima, lakini siku ile nilitema, na haikuwa kwa sababu ya harufu. Mtu anaona maziwa yameoza kwa macho yake mwenyewe, halafu anamwangushia mzigo mwanamke aliyekwenda kuomba!

Ndipo nilipoliona lile sanduku la buluu ukutani. Nililigonga kwa vidole, likalia zito, nikaelewa.

Sikuanza kueleza mambo ya mawimbi. Niliomba mkebe mmoja wa maziwa, ule wa alumini wenye kifuniko cha kubana. Nikamwambia mwenyekiti anipigie simu. Ikalia mkononi mwangu, kila mtu akaisikia. Nikaitumbukiza ndani ya mkebe, nikabana kifuniko.

"Piga tena, Mzee."

Akapiga, akaweka sauti juu. Yule mwanamke wa mtandao akasema mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Wakulima wakasogea karibu.

"Hii simu imezimwa?" nikauliza.

"Hapana, tumekuona ukiiweka ikiwa on," mmoja akajibu.

"Basi kile kifaa pia kiko on. Kinapiga kelele tangu mlipokifungia. Hakuna anayekisikia. Si Mama, si sisi."

Mwenyekiti akaliangalia sanduku lake, kisha akamgeukia bosi polepole. "Lakini nilikutumia picha ya hii box siku ile ile. Wewe ukanijibu na kidole gumba."

Bosi akasema hiyo ni design issue, itaangaliwa kwa version ijayo. Mzee mmoja alifyonya, mfyonyo mrefu wa kutosha kufika Nakuru. Mwenyekiti alikwenda mpaka kwenye uzio, akamvisha Mama funguo shingoni kwa mikono yake mwenyewe, naye alikuwa na aibu kweli. Mama hakutabasamu. Alifungua kufuli la sanduku, akaniambia, "Madam, hii kitu yenu mwende nayo. Mimi nitapima na mkono wangu. Kanisa nitaomba nikiwa hapa." Nilichomoa waya, akakifunga kifaa katika kitambaa alichokuwa akifutia tangi, akanipa.

Kitambaa kilinuka njia nzima. Bosi alifungua dirisha la gari, akaongea habari za mpira.

Nilipofika ofisini nilitoa betri, nikakiacha kifaa mezani kwangu ndani ya kitambaa chake. Nilirudia lile ombi la rangi ya kijivu, safari hii kwa maandishi, nikamtumia bosi. Akanijibu kwa kidole gumba.

Wiki iliyofuata walikuja wazee wa ushirika mwingine, kutoka Soy. Walikuwa watu wapole waliovaa makoti mazito, kofia mapajani. Walipewa chai ya maziwa na biskuti. Bosi akawageuzia skrini.

"Hii ni site yetu ya kwanza, kule Timboroa," akasema. "Tangu tuweke, haijawahi kuonyesha red hata siku moja."

Nilisimama nikaangalia. Kijani. Maziwa sawa, nyuzi nne.

Nilikwenda mezani kwangu, nikakibeba kifaa pamoja na kitambaa chake, na betri mkono wa pili, nikaviweka vyote mbele ya wageni, kando ya biskuti. Nikawaambia hicho ndicho kifaa cha Timboroa wanachokiona pale kwenye skrini.

Mzee aliyekaa karibu alikifunua, akakisogeza puani, akakirudisha mezani haraka.

"Hii ndiyo inasema maziwa ni sawa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Saa hii?"

"Saa hii."

Akaitazama skrini kwa muda, akaitazama betri. Kisha akachukua kikombe chake cha chai, ambacho hakuwa amekigusa, akakisukuma mpaka mbele ya bosi, akavaa kofia.