Uso wa Tauno Ukutani

Mwone Tauno Ylikoski akiingia sinema ya mji wetu mdogo huku Ufini, theluji mabegani, amevaa suti aliyoivaa siku ya kumzika mkewe. Jirani yetu Aune akamtania, "Leo umejipiga pasi mpaka shingo, mzee."

"Ni filamu ya maisha yangu," akajibu, akakaa kati yetu.

Tauno alikuwa askari jela. Zamani mfungwa mmoja, Jouko, alitoroka. Tauno akamfuata msituni kwenye theluji, akavunjika mguu. Jouko alimsikia akiita, akarudi, akambeba mgongoni mpaka gerezani, akabisha hodi mwenyewe. Kila Tauno alipoisimulia habari hiyo, sauti ilimkatika.

Jouko alipotoka jela akawa mtengeneza filamu, akamwomba mzee acheze nafsi yake. "Usicheke, usilie, kaa tu ulivyo." Tauno akamuuliza, "Ni ya huzuni, sivyo?" Jouko akaendelea kunywa kahawa. Kwetu huku, asiyepinga amekubali.

Taa zikazimwa. Likaja lango la gereza. Kijana anayeigiza Jouko, Tauno mgongoni, anabisha. Mlinzi anachungulia: "Muda wa wageni umekwisha."

"Sisi si wageni," anasema Tauno wa ukutani, uso mkavu kama gogo.

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu wetu hawa, ambao hata harusini hucheka kwa kuibia! Nami nilicheka mpaka machozi, na sikujua machozi yale ni ya nini. Kadiri uso ule ulivyozidi kukauka, ndivyo tulivyozidi kumpenda mwenye uso. Lakini Tauno wa kitini alikuwa amejiinamia, anaikunja kofia yake.

Filamu ilipoisha, Jouko akaja akachuchumaa mbele yake.

"Ulijua watacheka?" mzee akamuuliza.

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia, ungeigiza, mzee. Mwigizaji nisingekosa. Nilikutaka wewe."

Tauno akamtazama sana. "Ulipokuwa mfungwa, ulinirudia. Leo uko huru, umeniacha kwenye theluji."

Jouko akainama. Kule mbele wenye sinema wakaanza kuliita jina la Tauno, maua tayari mkononi, ukumbi mzima umesimama, makofi ya mapenzi ya kweli. Mzee akanigeukia.

"Wananiita mimi, au yule waliyekuwa wakimcheka?"

Wewe ungekuwa umekaa pale nilipokaa, ungemjibuje?