Gauni la Mgomba

Esnath fundi hatulii. Mguu uko kwenye cherehani, sikio liko barabarani kusikia wanawake wa mtaa wa Bulyaga wanaipa mishono majina gani leo. Mshono usio na jina hauuziki. Mteja ataagizaje asichoweza kukitaja? Na fundi hata ajue kukata vipi, jina hatoi yeye. Jina hutolewa na kina mama wakisimama nje ya kanisa baada ya ibada, kutokana na nani kaonekana na mshono huo kwanza, na wapi.

Mwaka huu alibuni mkono mpana wenye mikunjo inayopandana kama maganda ya mgomba, akauita mgomba. Aliutaka uwe wa harusi. Mwalimu Janeth alikuwa anatafuta mshono wa wapambe wa harusi yake, na fundi atakayeshona harusi ile angeaga kazi ya viraka. Basi akapanga Doreen, muuguzi mrembo wa mtaa wa Bagamoyo, avae gauni la mshono huo kanisani Jumapili ya mavuno.

Alhamisi akaingia Mama Lugano, jirani yake, macho mekundu. Kaka yake kafariki Kiwira, na yeye hana gauni la kwenda nalo kuzika. Lililokuwa tayari ni lile moja tu la Doreen. Roho ilimuuma Esnath, lakini mfiwa hanyimwi. Mama Lugano alishika ule mkono, akauliza unaitwaje.

“Mgomba, mama.”

“Ndaga, mwanangu,” akashukuru. “Mgomba.”

Watu walijaa mazishini, na wanawake hata wakilia wanaona. Esnath akamshonea Doreen jingine haraka haraka, na Jumapili akapendeza kweli. Fundi wetu akazunguka kila kikundi akilipachika neno lake, wapi! Mama mmoja alimshika Doreen bega, akampa pole, akamuuliza kafiwa na nani, maana lile si ndilo gauni la msibani? Wiki haikuisha, “gauni la” likadondoka. Ikabaki msibani.

Janeth alikuja mwenyewe, muungwana. “Dada Esnath, mshono nimeupenda. Ila siwezi kuwavalisha wapambe wangu msibani.”

Kazi haikukosekana, ilizidi. Kila penye kifo walikuja kushona msibani. Kengele ya kanisa ikilia nje ya saa za ibada, Esnath hushtuka, na kitu kinachomtia aibu ni kwamba mkono wake huanza kutafuta mkasi kabla hajauliza nani kafa.

Juzi ililia. Mkasi ulikuwa mkononi tayari alipoingia binti wa Mama Lugano, gauni lile likiwa limekunjwa kwapani. Lilikuwa limeachia mshono begani. Esnath alimtazama, akaelewa.

“Mama kaacha neno,” binti alisema. “Tumzike na mgomba wake.”

Kumbe jina lake lilikuwa limedakwa na mtu mmoja. Esnath akaketi, akalishona lile bega, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hakutega sikio barabarani.