Pikipiki ya Octave Haipendi Umande

Mume wangu Octave ni mtu mwema. Nalisema hili mwanzoni kabisa, maana nikishaanza habari ya pikipiki sitapata nafasi ya kulirudia.

Miaka ile ya Wabelgiji alikuwa muuguzi hapa Kabambare, na kazi yake kubwa ilikuwa sindano ya buba. Siku moja kila mwezi alitakiwa kuwa Wamaza, kando ya barabara, na sanduku lake la dawa, ili watu wenye vidonda washuke kutoka vijijini kuja kudungwa. Kwa miaka sita alikwenda kwa miguu. Aliondoka siku moja kabla, akalala kwa mdogo wangu Cécilia aliyeolewa huko, na kulipopambazuka sanduku lilikuwa tayari wazi. Hakuchelewa hata mara moja.

Kisha wakampa pikipiki.

Ilifika kutoka Kasongo juu ya lori, nyeusi, inang'aa, imefungwa kamba kama mbuzi wa mahari. Daktari wa Kasongo akamwongezea vituo vitatu papo hapo: mtu mwenye pikipiki hana haja ya kulala njiani. Octave akakubali yote huku anacheka. Alijitafutia kofia ya ngozi inayofunika masikio, akaivaa hata mezani. Mvua zilipokuwa bado zinanyesha na asubuhi zina joto, mambo yalikwenda vizuri. Kilipoingia kiangazi, ule mwezi wa sita ambapo usiku tunatafuta blanketi na alfajiri kuna ukungu, pikipiki ikagoma.

Ilikuwa ibada ileile kila kukicha. Anafungua bomba la petroli. Anabonyeza kitufe kidogo cha kabureta mpaka petroli idondoke. Anaziba hewa kwa kile kijiti chake, anapanda juu ya pedali, anapiga teke. Puh. Anapiga tena. Puh. Akifika teke la ishirini shati limelowa jasho, majirani wameamka, na chuma kimepoa vilevile. Halafu saa nne, jua likishaupata ukuta wa jikoni, teke moja tu na inanguruma kana kwamba haijawahi kumkosea mtu. Nilitamani kuipiga kwa mwiko.

"Ni baridi, Marguerite," alikuwa akiniambia. "Hii tukutuku inaogopa baridi."

"Inatoka Ulaya, kule maji inakuwa jiwe! Sasa umande ya Kabambare njo inaishinda?"

Hapo anavuta kofia yake masikioni na kupiga teke tena.

Ningecheka tu kama isingekuwa Wamaza. Watu wa kule hawakuwa na asubuhi yao wenyewe. Jua likishapanda, kapita wa pamba, msimamizi wa Wabelgiji, alipita mashambani kuhesabu vichwa, na asiyeonekana shambani alilala boloko, akitoka huko amejifunza adabu ya gereza. Kwa hiyo walimngoja muuguzi mpaka saa moja, basi. Safari yenyewe kwa pikipiki ni mwendo wa saa mbili. Mwezi wa sita Octave alifika adhuhuri, akakuta mbuzi na nyayo za watu. Mwezi wa saba vilevile.

Miongoni mwa nyayo zile zilikuwamo za Cécilia. Mwanawe Pacifique, mtoto wa miaka mitano, alikuwa na buba chini ya unyayo, akitembea kwa ukingo wa mguu kama mtu aliye juu ya miiba. Mara mbili mama yake alimbeba mgongoni, akavuka kijito kwenye giza, akangoja, akarudi naye na kidonda chake. Aliniletea salamu kupitia kwa mwanamke muuza mihogo: "Ambia shemeji tulimungojea." Hakuongeza neno. Namjua mdogo wangu. Akikutukana, mambo ni salama. Akisema maneno matatu, ujue amekwisha kukuweka kando.

Kisha barua ikaja kutoka Kasongo. Miezi miwili Wamaza hakudungwa mtu. Mwezi wa nane kukiwa vilevile, kituo kinafutwa. Kikifutwa, Pacifique ataletwa wapi? Kabambare, kwa mguu ule? Mama yake amwachie nani pamba?

Octave akakimbilia kwa Bulaimu, fundi baiskeli karibu na msikiti, mtu mpole asiyeweza kukataa kazi. Bulaimu akaja, akaifungua kabureta juu ya mkeka wangu wa kuanikia mihogo, bila kuniuliza. Akatoa jikleri, kijishaba chenye tundu jembamba ambamo petroli hupita, akakiangalia juani.

"Octave, imezibwa. Hii uchafu ya manjano inatoka wapi?"

"Vumbi," alisema mume wangu, akatazama mawingu. Hapakuwa na mawingu.

Bulaimu akapuliza, akasafisha kwa uzi wa shaba, akafunga. Siku mbili ikawaka alfajiri. Siku ya tatu, puh. Basi ushauri ukamiminika. Mmoja alisema buji, ile plagi inayotoa cheche, ichomwe motoni kabla ya kuwasha, nikaikuta juu ya makaa yangu kando ya sufuria ya maharagwe. Mwingine alisema isukumwe mteremkoni, wakaisukuma wanaume wanne mpaka chini mtoni, ikakataa, wakairudisha mlimani wakitukana kimyakimya kwa sababu padri alikuwa anapita. Kila mtu alikuwa fundi isipokuwa fundi mwenyewe.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Mawese yangu yalikuwa yanapungua. Ninapika mwenyewe, ninajua kijiko kwa kijiko, na chupa ilikuwa inashuka mbio. Nikafikiri, huyu anampelekea mtu. Kituo cha pili cha safari yake kulikuwa na mama mmoja, Victorine, anayecheka kila hadithi ya Octave hata zile zisizochekesha. Niliweka hasira yangu akiba.

Na kulikuwa na ule moshi. Watoto walikuwa wakiifuata pikipiki wakipiga kelele, "Inakaanga samaki! Inakaanga samaki!" Kweli ilinukia jikoni. Na mimi, niliyeshika mwiko tangu umri wa miaka saba, nilisimama mlangoni nikacheka pamoja nao. Hilo sijajisamehe.

Siku ya Wamaza ya mwezi wa nane niliamka saa kumi kumpikia. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka mlangoni. Nikachukua chupa ya mawese, nikaiinamisha, hakikutoka kitu. Yalikuwa yameganda, kama kila asubuhi ya kiangazi, na kama kila asubuhi nikaisimamisha karibu na mafiga iyeyuke. Nje nikasikia puh. Puh. Nikatoka na taa kummulikia.

Octave alikuwa anabonyeza kile kitufe. Petroli ikanidondokea mkononi. Ikapoa, ikakauka, lakini haikuisha. Iliacha utando wa rangi ya chungwa. Nikasugua kwa kidole, nikanusa.

"Octave. Hii ni mawese."

Akabonyeza kitufe tena.

"Octave!"

"Mafuta ni mafuta, Marguerite."

Yakamtoka yote, pale pale kwenye ukungu. Pikipiki ya namna ile hunywa mafuta yake ya injini yakiwa yamechanganywa ndani ya petroli. Kopo la mafuta yake liliisha mwezi wa tano. Karani wa stoo alimwambia angoje, na kumwandikia daktari aliona haya, asije akaonekana mtu asiyejua kutunza kitu cha serikali. Basi kila akijaza tangi, glasi moja ya mawese yangu. Mchana ilikwenda vizuri, akajiona mjanja.

"Wagonjwa unawaambiaka nini kila siku?" nilimwuliza. "Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Si ni wewe? Na mawese inalala na baridi! Kila mutoto wa kike wa Kabambare anajua! Inalala mu chupa, itaacha kulala mu kale katundu?"

"Nilisahau," alisema.

Alisahau! Miaka kumi na mmoja anakula kwangu, na kila kiangazi ananiona naiotesha moto ile chupa.

Akataka kuleta kaa la moto aliweke chini ya kabureta. Chini ya petroli! Nikamnyang'anya koleo. Nikamwambia afunge bomba, nikaleta maji ya moto na kitambaa, nikaizungushia kabureta kama mtu mwenye jipu. Kitambaa cha kwanza, puh. Cha pili, ikakohoa. Cha tatu ikawaka, na mtaa mzima ukanukia samaki. Nikapanda nyuma. Sikuombwa.

Tulifika Wamaza kabla ya saa moja. Octave akafungua sanduku, akapanga sindano, akakaa. Hakuja mtu. Walikuwapo mbuzi. Tukangoja. Mwisho akapita mwanamke na jembe begani, akashangaa kutuona.

"Muganga, si unakuyaka muchana? Watu waliacha kungoja."

Akaendelea na njia yake. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaweka akiba tangu mwezi wa sita, lakini nilipomwona mume wangu na ile kofia yake, hayakutoka. Nilimhurumia mpaka nikakasirika upya.

Octave alisimama. Akavua kofia, akaitundika kwenye usukani. Akafunga sanduku, akalitwika kichwani, akashika kijia cha vijijini kwa hatua zake za zamani, ndefu, na mimi nyuma na daftari. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, tukiwakuta watu milangoni na majembe mkononi. Walidungwa wamesimama. Tuliandika majina kumi na manne, na Wamaza haikufutwa.

Kwa Cécilia ni mbali, ng'ambo ya kijito. Tulimkuta anamfunga Pacifique mgongoni kwenda shambani. Akamfungua bila kutusalimu. Nikamshika mtoto, akaning'ata kidole, na sindano ikaingia. Alilia sana. Mimi pia nililia, kidole kiliniuma.

Octave akaanza kumweleza mdogo wangu mambo ya jikleri, na umande, na mafuta yanayolala. Cécilia alikuwa anafunga tena nguo mgongoni. Alimwacha amalize.

"Shemeji," alisema, "kitanda yako iko. Hatukuiondoa."

Akachukua jembe, akaenda kuhesabiwa. Octave alibaki uani na mkono juu ya sanduku, kisha akainama mlangoni kutazama ndani. Kitanda chake cha miaka ile ya miguu kilikuwa kimetandikwa.